Fundi umeme wa jiji kubwa analipwa saa ngapi kwa mwaka?

Kijana akiuliza kama ufundi umeme unalipa, hujibiwa kwa tarakimu moja tu: mshahara wa mwaka. Tarakimu hiyo huwa nono, hasa ikiwa ni ya jiji kubwa, na wapo wazazi wanaompeleka mtoto chuo cha ufundi kwa kuitegemea. Sina ugomvi na ufundi umeme. Ni kazi ya heshima, inataka akili na mikono kwa pamoja, na dunia inazidi kuihitaji. Ugomvi wangu ni na hiyo tarakimu. Inatueleza bei ya saa moja ya fundi na kunyamazia jambo linaloamua atakula nini na atapanga nyumba wapi: katika mwaka mzima, ni saa ngapi zitakazolipwa?

Nichukue takwimu inayonukuliwa sana. Kwa Mei 2024, Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilitaja kipato cha kati cha mafundi umeme nchini humo kuwa dola 62,350 kwa mwaka. Nusu yao walikuwa juu ya hapo, nusu chini. Asilimia 10 ya walio chini kabisa walipata pungufu ya dola 39,430, na asilimia 10 ya walio juu walivuka dola 106,030. Pengo hilo ni kubwa, lakini la kuangalia kwanza ni jinsi mshahara huo wa mwaka unavyopatikana. Watakwimu huchukua bei ya saa, ambayo ni dola 29.98, wakaizidisha mara 2,080. Saa 2,080 ni wiki 52 za saa 40 kila moja. Humo hamna siku mradi ulipokosa vifaa, hamna wiki tatu za kusubiri kati ya jengo moja na jingine, hamna mkandarasi aliyefilisika katikati ya kazi. Malipo ya ovataimu hayahesabiwi. Michango ya bima na pensheni inayotolewa na mwajiri haihesabiwi. Na fundi aliyejiajiri hayumo kabisa, kwa sababu wanaoulizwa ni waajiri.

Watakwimu wenyewe hawajaficha lolote. Maelezo hayo wameyaandika wazi. Wanaoinukuu ndio wanaoyaacha nyuma.

Sasa chukua mafundi wawili wenye bei ileile ya dola 29.98 kwa saa. Wa kwanza yuko kwenye mradi wenye haraka, anafanya saa 60 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka. Sheria ya viwango vya kazi ya Marekani, iliyotungwa 1938, inataka saa inayozidi ya 40 katika wiki ilipwe mara moja na nusu, kwa hiyo kila wiki anaingiza kama dola 2,099, na mwaka ukiisha ana takriban dola 104,930. Wa pili alipata miradi miwili yenye pengo katikati, akaambulia saa 1,400 kwa mwaka. Ana dola 41,972. Ujuzi wao ni mmoja, cheti ni kimoja, na jiji wanaloishi ni hilohilo. Wa kwanza ndiye anayesimuliwa kila mahali kwamba umeme unalipa. Wa pili hasimuliwi na mtu.

Miradi ya namna ya yule wa kwanza ipo kweli. Kaskazini mwa Virginia, jirani na Washington, ndiko kuliko na mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa vituo vya data, yaani majengo yaliyojaa kompyuta zinazoendesha huduma za mtandao. Jengo la aina hiyo ni umeme kutoka sakafuni hadi darini: transfoma, jenereta za akiba, vyumba vya betri, nyaya nene kama mkono wa mtoto zilizopangwa safu kwa safu. Mafundi husafiri kutoka majimbo ya mbali kwenda kuvuna ovataimu huko. Sioni ubaya kwa mtu mwenye nguvu kuvuna wakati wa mavuno. Lakini jengo likishawashwa, mamia ya mafundi waliolijenga hupisha kikundi kidogo cha kulitunza, na waliobaki nje huanza tena kutafuta. Anayepanga maisha yake kwa kipato cha mwaka wa mavuno, akakopa nyumba na gari juu yake, amejifunga kamba ambayo mwaka unaofuata utaivuta.

Ndiyo maana namheshimu fundi anayechagua kazi ya matunzo katika hospitali, uwanja wa ndege au reli ya chini ya ardhi, ingawa bei yake ya saa mara nyingi iko chini ya ile ya mwenzake wa ujenzi. Taa za korido lazima ziwake mvua inyeshe isinyeshe, uchumi upande ushuke. Saa zake zote zinalipwa, likizo inalipwa, akiugua analipwa. Ukikaa chini na kalamu, mara nyingi mwisho wa mwaka huyu hayuko nyuma ya yule wa ujenzi, na usingizi wake ni mzuri zaidi.

Mafundi wa New York waliielewa hesabu hii zamani. Januari 1962, tawi namba 3 la chama cha mafundi umeme, IBEW, chini ya Harry Van Arsdale Jr., liligoma. Asiyejua angedhani wanagombea nyongeza ya bei ya saa tu. Kiini cha dai lao kilikuwa kufupisha siku ya kazi. Walianza kwa kudai saa nne kwa siku, wakatoka mezani na saa tano, yaani wiki ya kawaida ya saa 25, na kinachozidi kilipwe kama ovataimu. Serikali ya Rais Kennedy, iliyokuwa ikihimiza madai ya kiasi, haikupendezwa hata kidogo. Van Arsdale aliona mbali: mashine na mbinu mpya zilikuwa zinapunguza saa za fundi katika kila jengo, na kama saa zilizobaki zingeachwa mikononi mwa wachache, wengine wangekaa bila kazi huku bei ya saa ikiendelea kupendeza kwenye karatasi. Saa zikigawanywa, wengi zaidi wanakula. Mapatano yale yaliambatana na kupokewa kwa wanagenzi wapya wapatao 1,000, na humo wakapata nafasi vijana weusi na wa asili ya Puerto Rico ambao kwa miaka mingi mlango wa ufundi huo ulikuwa umefungwa mbele yao.

Si kila kitu katika habari hiyo ni cha kusifiwa. Bei ya chama husimama juu kwa sababu mlango wa kuingilia ni mwembamba, na walioko nje hufanya kazi ileile bila orodha ya chama ya kupangiwa kazi, bila mchango wa pensheni, wakati mwingine kwa nusu ya bei. Hata hivyo, ukweli mmoja unabaki: wale watu walitambua kwamba mshahara una pande mbili, wakapigania ule ambao wengi hawauoni.

Tena hawakuishia kwenye saa. Kuanzia 1949, Van Arsdale huyohuyo na bodi ya pamoja ya wafanyakazi na waajiri wa sekta hiyo walikuwa wamesukuma ujenzi wa Electchester, mtaa wa nyumba za ushirika huko Queens, sehemu ya Jiji la New York, nyumba zaidi ya 2,000, zilizokusudiwa mafundi umeme na familia zao. Waliona kwamba katika jiji kubwa nyongeza ya mshahara hupita mkononi mwa fundi na kuingia mfukoni mwa mwenye nyumba. Kumpa fundi nyumba anayoimudu kulikuwa ni kumwongezea kipato bila kugusa bei ya saa. Nikiangalia jinsi kodi za nyumba zinavyowasukuma mafundi wa leo kilomita nyingi kutoka kwenye majengo wanayoyajenga, naona hakuna wazo katika historia ya kazi hii linalostahili kurudiwa kuliko hilo.

London inaonyesha tatizo hilohilo kwa sura nyingine. Uingereza ina bodi ya pamoja ya sekta ya umeme tangu 1968, nayo hupanga viwango vya mafundi kwa madaraja, na kuweka kiwango cha peke yake kwa kazi zilizo ndani ya barabara kuu ya M25 inayolizunguka jiji. Wanakiri, kwa maandishi, kwamba London ni ghali. Lakini nyongeza hiyo haifikii hata kidogo tofauti ya kodi ya nyumba kati ya London na miji ya kaskazini. Matokeo yake, fundi anakaa mbali, anaamka usiku, anaendesha gari saa nzima au zaidi kwenda na nyingine kurudi. Saa mbili kwa siku, siku tano, ni saa kumi kwa wiki. Zijumlishe na saa zake za kazi, ugawe mshahara wake kwa jumla hiyo, uone bei halisi ya saa yake imebaki ngapi.

Wako pia wale wanaofanya kazi kwenye miradi ya London kama mafundi wa kujitegemea. Huko mkandarasi hukata asilimia 20 ya malipo ya fundi aliyesajiliwa na kuipeleka serikalini kama kodi ya mbele, na asilimia 30 kama hajasajiliwa. Bei ya siku inayotangazwa huonekana kubwa kuliko ya mwajiriwa, na kijana huikimbilia. Kisha inafika sikukuu, mradi umefungwa wiki mbili, halipwi. Anaumia bega, halipwi. Bei ile kubwa ilikuwa imeshabeba ndani yake likizo, ugonjwa na kusubiri, ila hakuna aliyemwambia aitenge.

Yapo mambo yanayoongeza saa za kulipwa, na mojawapo ni sheria ya ufungaji wa umeme yenyewe. Sehemu kubwa ya Marekani, nyumba ya kuishi huruhusiwa kufungwa kwa waya wenye ganda la plastiki unaopitishwa moja kwa moja ndani ya ukuta. Chicago imeshikilia kwa miaka mingi kwamba hata nyumbani nyaya zipite ndani ya bomba la chuma. Hapo kazi inabadilika kabisa. Fundi anakutana na boriti yenye kina cha sentimita 10, na bomba lazima liiruke. Anatia alama ya kwanza, halafu ya pili sentimita 20 mbele yake, kwa sababu kona mbili za digrii 30 zinataka nafasi ya mara mbili ya kimo cha kizuizi. Anapinda, anageuza, anapinda tena. Akikosea kwa vidole viwili, bomba linakaa upogo na linaonekana na kila mtu. Jumla ya kona kati ya kisanduku kimoja na kingine haitakiwi kuzidi digrii 360, la sivyo nyaya hazitavutika bila kuchubuka. Kazi hiyo haifanywi na saidia fundi wa jana, na haifanywi kwa dakika kumi. Wajenzi hulalamika kwamba inawapandishia gharama. Wanasema kweli, na gharama hiyo ndiyo mshahara wa mtu aliyejifunza kupinda chuma kwa hesabu, na ndiyo nyaya ambazo panya hawezi kuzitafuna na msumari hauzitoboi kwa urahisi.

Leseni nayo hufanya kazi yake, kwa njia tofauti. Marekani haina leseni moja ya taifa kwa mafundi umeme. Majimbo mengine hutoa, mengine yameiachia miji. Katika Jiji la New York, anayetaka leseni ya fundi mkuu anatakiwa aonyeshe uzoefu wa miaka isiyopungua saba na nusu na afaulu mitihani. Akishaipata, kampuni yake ndiyo inayoweza kuomba kibali na kusaini kwamba kazi imefanywa inavyotakiwa. Kuanzia hapo kipato chake hakitokani tena na saa zake peke yake. Kila saa ya fundi aliye chini yake inamwachia kitu, kwa sababu bila saini yake saa hiyo isingeuzika kihalali. Watu husema fundi mkuu analipwa kwa ujuzi. Ujuzi anao, lakini walio chini yake nao wanao, na wengine wanamzidi. Anacholipwa zaidi ni kubeba lawama, maana jengo likiungua jina linalotafutwa kwenye faili ni lake.

Tukija kwa fundi anayehudumia nyumba na maduka kwa kujitegemea, mambo yanakuwa magumu zaidi kuyaona, kwa hiyo nitayasogeza karibu. Anapigiwa simu: swichi ya usalama, ile inayokata umeme mkondo ukivuja, inaanguka kila jioni. Anafika baada ya foleni ya dakika arobaini. Anatafuta pa kuegesha gari. Anafungua ubao wa umeme na kukuta hakuna hata saketi moja iliyoandikwa jina. Anazima kila kitu, anaanza kutenganisha saketi moja baada ya nyingine, anapima ganda la kila waya. Tatu nzima, moja inasoma vibaya. Anaifuata hiyo chumba kwa chumba, soketi kwa soketi, anahamisha kabati, anapanda ngazi, anashuka. Saa ya tatu anaigundua: parafujo ya rafu iliyokazwa ukutani wiki kadhaa zilizopita imegusa waya, na jikoni pakijaa mvuke wa jioni uvujaji unaongezeka. Anakata, anaunga upya ndani ya kisanduku, anapima tena, anawasha. Kuunga kumechukua dakika ishirini.

"Fundi, si umebadilisha kipande cha waya tu?" mwenye nyumba anauliza, na anamaanisha anachosema. Alichokiona ni kipande cha waya.

Katika kazi hiyo fundi ametumia karibu saa tano za siku yake tangu simu hadi kurudi, na atabahatika akilipwa tatu. Ongeza safari za kwenda kukadiria kazi ambazo wateja walikuwa wanalinganisha bei tu. Ongeza foleni ya duka la vifaa, ankara za usiku, deni linalofuatiliwa kwa miezi, na kazi ya kurudia bure kwa sababu soketi aliyoifunga ilikuwa na kasoro ya kiwandani. Tuseme anafanya kazi saa 50 kwa wiki na zinazolipwa ni 28. Ili kila saa aliyofanya kazi imletee dola 30, yaani sawa na yule mwajiriwa wa katikati, hana budi kutoza karibu dola 54 kwa kila saa inayolipwa. Hapo bado hajalipia gari, vipimo, bima, leseni wala kodi. Akitoza 80, mteja anasema mafundi wa jiji hili ni wanyang'anyi. Akitoza 35 apate wateja, anafanya kazi kila siku na hajui kwa nini fedha haikai.

Kosa la kutoza 35 ndilo linaloua mafundi wazuri wengi. Wanachukua bei ya saa waliyokuwa wakilipwa walipoajiriwa, wanaiongeza kidogo, wanadhani wamepanda daraja. Mwajiri alikuwa anabeba saa zisizolipwa bila wao kujua. Siku walipoondoka waliondoka nazo. Vyuo vya ufundi vinafundisha kukokotoa mkondo, volti na unene wa waya, na vinafanya vizuri. Somo la kukokotoa saa zinazolipwa lingechukua wiki moja, na lingewaokoa wanafunzi wake miaka.

Mwanagenzi naye asisahauliwe. Marekani, mafunzo ya kazini huchukua miaka minne au mitano, kama saa 2,000 za kazi yenye malipo kila mwaka pamoja na masomo ya darasani, na ujira wa kuanzia huwa karibu nusu ya fundi kamili, ukipanda hatua kwa hatua. Kwa kijana asiye na mtu wa kumpa malazi ndani ya jiji, nusu ya ujira katika mji wa kodi kubwa ni mtihani wenyewe kabla ya mtihani wa cheti. Wanaoanguka hapo si wavivu wala wajinga. Mara nyingi ni wale ambao kwao hakuna chumba cha bure. Jiji linalolia kwamba mafundi hawatoshi lingeanza kwa kuwajengea wanagenzi mahali pa kulala.

Kisha kuna uzee, ambao hesabu za mishahara hazina safu yake. Magoti ya fundi umeme hupigishwa sakafu ya zege miaka thelathini, mabega yake huishi juu ya kichwa. Katika mifuko mingi ya pensheni ya mafundi wa ujenzi huko Marekani, mwajiri huchangia kwa kila saa iliyofanyiwa kazi. Saa isiyolipwa leo haina mchango, kwa hiyo fundi wa saa 1,400 anaumizwa mara mbili, sasa na akiwa na miaka 62. Aliyejitegemea, asipojiwekea mwenyewe, hana hata hicho. Tangu 1964, sheria ya Marekani inayolinda viwango vya mishahara kwenye ujenzi wa serikali kuu, iliyoanza 1931, inahesabu mafao hayo kama sehemu ya malipo, mshahara upande huu na mafao upande ule, kwa kila saa. Kwa hiyo namna ya kuandika malipo ya fundi kwa ukamilifu inajulikana, na imetumika kwa miaka sitini.

Naomba basi kila anayetangaza kipato cha mafundi umeme, awe ofisi ya takwimu, chuo kinachotafuta wanafunzi au mkandarasi anayetafuta vijana, aweke safu tatu badala ya moja: bei ya saa, saa zilizolipwa kwa mwaka, na kilichochangiwa kwa bima na uzeeni. Na kijana anayeitiwa kazi jijini aulize hiyo safu ya pili kabla ya kusaini, kwa swali la kawaida kabisa: mwaka jana, fundi mwenye daraja langu katika kampuni hii alilipwa saa ngapi?